Neno Nililomwambia Koko Mlangoni

Manu mwanangu,

Hali yako sikuulizi, maana nakuona. Unafunga sanduku, unalifungua, unalifunga tena. Mimi niko hapa uani, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na nimemwambia baba yako asinisemeshe mpaka nimalize. Habari za sweta na dawa ya malaria, na kutoazimana nguo za ndani na wenzako, nimekwambia mpaka ukaziba masikio. Haya ni mengine. Mkono wangu unakwenda polepole, darasa la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa, kwa hiyo univumilie.

Jumapili ulipomaliza kusema pale mbele, nilitoka nje nikatapika nyuma ya kanisa, kwenye maua ya Padri. Uliambiwa mama ameshikwa na jua. Halikuwa jua. Yalikuwa maneno yako.

Ulisimama na shati lile jeupe alilokushonea baba yako, ukawaeleza watu kwa nini unakwenda seminari. Ukasema siku tulipokimbia kutoka Mutsamudu, Koko, bibi yako mzaa baba, mgonjwa, Mwislamu, asiyeweza hata kugeuka kitandani, alikataa kupanda boti asije akatuchelewesha. Ukasema alimshika mama mkono akamwambia, nendeni, Mungu atakuwa pamoja nami. Ukasema siku ile ndipo ulipolielewa jina lako, Emanueli, ambalo ni jina la Yesu kabla halijawa lako. Wale akina mama wa Kimalagasi wakalia. Padri akavua miwani. Na mimi nikajiambia: mwanangu anajenga nyumba juu ya choo, na aliyekifukia hicho choo akapanda maua juu yake ni mimi.

Koko hakusema hivyo, Manu. Hakukataa kupanda boti. Hakunishika mkono. Nilitunga.

Kesho unapanda meli kwenda kuwa mtu wa Mungu, na sababu uliyowapa watu ni uongo wangu. Ndiyo maana naandika leo. Ukiyajua haya ukaona huendi tena, sanduku litafunguliwa, nguo zitarudi kwenye kamba. Ukiyajua ukaenda, utakuwa unaenda kwa miguu yako, si kwa hadithi yangu. Na ukiyajua ukanichukia, basi, hilo nalo nimelipima. Limenizuia kusema mwaka mzima.

Nianzie nyumba, maana bila nyumba hutaelewa ubaya wangu ulivyo mkubwa.

Ulikuwa na miaka saba. Baba yako mzazi alikufa kabla hujaota meno, nami nilikuwa mpishi wa misheni kule Lindi. Saidi akaja kushona mapazia. Fundi cherehani, mpole, anaimba puani. Nikamwambia mimi ni Mkristo na sibadilishi. Akasema, "Wewe utasali kwako, mimi nitasali kwangu, usingizi tutalala mmoja." Nikacheka, nikaolewa. Alichosahau kuniambia ni kwamba kwao nyumba ni ya mwanamke. Msichana anazaliwa, baba yake anaanza kutafuta mawe ya kumjengea. Siku ya ndoa mwanamume ndiye anayehamia, na nguo zake kwenye begi. Mwanamume wa kule hana nyumba ya kumpeleka mke, ana kitanda kwa mama yake, basi. Saidi hakuwaza. Akanishusha Mutsamudu, kisiwani kwao Anzuani, na mtoto mkononi na sufuria kichwani, sina hata jiwe moja.

Koko alisimama mlangoni na shiromani yake nyekundu, lile shuka wanalojitanda wanawake wa Anzuani. Alikulia Unguja utotoni, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akamwuliza mwanawe, "Huyu nyumba yake iko wapi?" Saidi akatazama viatu. Koko akangoja, akachoka kungoja. "Basi yake ni hii, mpaka apate yake." Akahamia chumba cha nyuma karibu na choo, akatupa sisi cha mbele chenye dirisha. Mama mkwe, ndani ya nyumba yake mwenyewe! Kichochoro kizima kilicheka. Jirani yetu Sitti, mtafuna ugoro yule, alikuwa akinisubiri nitoke na ndoo. "We Veronika! Nyumba yako uliisahau melini?" Kila siku. Miaka. Nilimwonea kinyaa mwanamke yule, mate yake meusi ukutani, meno yake, sauti yake. Nilikuwa nikipita nimeziba pua makusudi ili aone.

Juma la kwanza Koko aliniuliza jina lako maana yake nini. Nikasema, "Mungu pamoja nasi."

"Nasi akina nani? Na sisi wa nyumba hii?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikasema nadhani ndiyo.

"Hilo na sisi tumelisoma, kwamba yu nasi popote tulipo. Lakini ninyi mnasema alikuja akakaa kabisa. Alikaa wapi?"

"Zizini, mama. Kwa ng'ombe."

"Penye mavi?"

"Penye mavi."

Akacheka mpaka akajishika ubavu. "Hayo sikubaliani nanyi, Mungu ni mkubwa kuliko hayo. Ila mgeni wa namna hiyo ningempa chumba." Tangu siku hiyo akakuita Mungu-Pamoja. "Wee Mungu-Pamoja, njoo ule! Mungu-Pamoja, umekojoa kwenye ndizi zangu?" Ulikuwa unakasirika. Alikulea, Manu. Mimi nilikuwa sokoni nauza maandazi, yeye ndiye aliyekulea.

Halafu ikaja ile siasa ya Anzuani kujitenga na serikali ya huku Moroni. Sitajifanya naijua. Njaa ilikuwepo, mishahara haikuwepo, na Sitti alikuwa akisema, "Moroni wanakula, sisi tunawanawisha mikono." Hapo hakuwa mwongo. Lakini kilichofuata kilinitia kichefuchefu. Watu wazima wenye ndevu, waliotawaliwa na Mfaransa wakamwona, wakatundika bendera yake wakimwomba arudi awatawale tena. Sitti alikuwa wa kwanza kichochoroni, bendera kubwa dirishani. Mfaransa mwenyewe hakuitika. Walipokosa mtu wa nje wa kuwataka, wakageukiana wao kwa wao, kundi hili juu ya mji, kundi lile chini, vijana waliokula futari sahani moja wakipigana risasi katikati ya nyumba za mama zao. Ukutani upande wa juu wakaandika kwa rangi: Mungu yu pamoja nasi. Nilishuka chini kutafuta maji nikakuta ukuta mwingine, Mungu yu pamoja nasi, rangi nyingine. Chini ya maandishi palikuwa na mbwa aliyekufa tangu jana yake, hakuna aliyekuwa na muda wa kumwondoa. Nikatema mate. Nikasema, tazama wanavyomfanya Mungu kuwa bunduki ya ziada. Nilijiona mimi ni bora. Kumbuka hilo, maana ilikuwa kama siku mbili tu kabla ya siku yenyewe.

Koko alikuwa amepooza upande mmoja tangu mvua za mwanzo. Baba yako alikuwa hapa Moroni, alikuja kushona sare za shule njia zikafungwa. Kwa hiyo wa kumwosha, kumlisha na kumgeuza ni mimi. Mwezi wa kwanza nilifanya kwa upendo, na upendo huo ulikuwa wa kweli, usije ukadhani wote ulikuwa maonyesho. Mwezi wa pili nilifanya kwa aibu. Mwezi wa tatu nilikuwa nafanya huku nimegeuza uso, napumulia mdomo, naharakisha, na kidonda kikamtoka mgongoni kwa sababu ya kuharakisha kwangu. Nilikuwa namgeuza mara mbili kwa siku badala ya sita.

Siku ya nne ya mapigano bunduki zikanyamaza. Ikaja habari kwamba boti ya mizigo inaondoka saa sita kwenda Moroni, kutoka ufukoni, si bandarini, na nahodha akaleta salamu za baba yako: makuli watakuja na kitanda kumbeba Koko; nikamwambia Koko. Nikakutanguliza wewe na furushi. Nikakwambia, kamshikie Koko nafasi. Wakati ule sikuwa nakudanganya, nilikuwa nakusudia.

Nikaingia chumbani kwake. Alikuwa amejichafua tena, mara ya tatu asubuhi hiyo. Sabuni ilikwisha juzi yake, maji ndoo moja. Harufu ya kile kidonda sitakuandikia, ila ilikuwa imeingia kwenye wali, kwenye nywele zangu, kwenye rozari yangu. Nikasimama na kitambaa mkononi nikaiona boti: kutwa nzima baharini, watu wamebanana, jua kali, yeye katikati, na nyuso zote zimenigeukia mimi. Nikasikia ndani yangu, wazi kama mtu anasema: sitaki tena.

Hodi ikapigwa. Makuli wawili wa bandarini, baba yako aliwatumia salamu, wamekuja na kitanda cha kamba.

"Tumekuja kumchukua bibi, bweni." Unakumbuka, bweni ndiyo bibie kwa heshima ya kule.

"Amekataa," nikasema.

"Nani kakataa?"

"Mwenyewe. Anasema atakufa nyumbani kwake."

Yule mkubwa akanitazama. "Tumwombe sisi? Wazee wanamsikia mgeni kuliko wa nyumbani."

"Amelala. Msimsumbue."

Yule mkubwa akasema, taratibu, kama anayemwogopea mtu asianguke, "Sisi pua zetu zimezoea, bweni. Tumebeba papa aliyeoza."

Alijua, Manu. Kuli yule alijua kila kitu, akanifungulia mlango nipite bila aibu, nami sikupita. Wakaondoka na kitanda chao kichwani.

Nikarudi ndani kuchukua kitabu changu cha sala. Koko hakuwa amelala. Akaniuliza kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki nzima:

"Veronika. Kitanda kimefika?"

"Hapana, mama. Hawakuja."

Nikamwekea jagi la maji na mkate karibu na mkono mzima. Nikamfunika shiromani. Sikumbadilisha nguo. Nikarudi nyuma nyuma mpaka mlangoni, na pale mlangoni nikasema kwa sauti tamu, sauti ya kanisani: "Mungu atakuwa pamoja nawe." Nikafunga.

Usinitafutie udhuru wa woga. Ningekuwa nimekimbia risasi ningekuwa nimekwisha kujisamehe zamani. Risasi zilikuwa zimenyamaza. Kilichonitoa mle ndani ni kinyaa.

Botini nilikukuta umetandika mkeka. Ulikuwa umegombana na mwanamume mmoja mzima aliyetaka kuukalia. Ukasema, "Nimemshikia nafasi. Yuko wapi?" Nami, mbele ya watu wote wale, nikatunga. Eti alikataa, eti alinishika mkono. Watu wakasema Subhanallah, mwanamke gani huyo! Mmoja akanipa chungwa. Nililila, Manu. Na tulipofika hapa Moroni, baba yako akaisikia hadithi ile akaketi chini gatini akalia, akasema, "Huyo ndiye mama yangu." Alilia kwa fahari. Baada ya hapo ningeurudishaje? Uongo ule ulikuwa umekwisha kuwa wa watu wengi.

Tukakaa chumba kile cha mtaa wa Badjanani, nyuma ya Msikiti wa Ijumaa. Hakuna boti iliyokuwa ikienda wala barua. Kila nilipomsikia baba yako akimwombea mama yake, nilijifanya napika. Nilikuwa nakwenda kanisani naimba kwa nguvu. Uliwahi kuniambia, mama siku hizi unasali sana. Ilikuwa kama mtu anayejipaka manukato bila kuoga.

Kisha watu wa hapa nao wakachafukwa. Wakasema Waanzuani wameikataa nchi, basi waondoke. Vijana wakapita vichochoroni wakisikiliza lafudhi. Wewe tulikuwa tumekuficha kwa Padri tangu jana yake. Baba yako alikuwa anamaliza kanzu ya mteja, walimkuta na sindano mdomoni. Wakamtoa nje. Mmoja alikuwa amevaa suruali aliyoshona baba yako, alikuwa bado hajamaliza kumshukuru. Wakampiga mbele ya cherehani yake mpaka jino likatoka. Nikakimbilia mlango wa mkabala, kwa yule mke wa mwalimu, tuliyekuwa tukipeana chumvi. Nikagonga. Nikamwona kwenye ufa wa dirisha. Uso wake haukuwa mbaya, ulikuwa uso wa mtu mwenye huruma. Akasema, "Dada, Mungu yuko pamoja nanyi." Akafunga dirisha. Nikasikia komeo.

Nilisimama pale nimeinua mkono. Baba yako anapigwa nyuma yangu, na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika moja sikuwa nawaza juu yake. Nilikuwa nasikia sauti. Ilikuwa yangu. Tamu vile vile.

Wakatupakia botini na Waanzuani wengine, tukarudishwa Mutsamudu. Nilikwambia baadaye kwamba tulimkuta Koko amefariki kwa amani na amezikwa. Kufa na kuzikwa ni kweli.

Tulipofika nyumba ilikuwa imefagiwa. Sitti alikuwa amekaa kizingitini, ugoro mdomoni. Akatutazama, akatazama uso wa baba yako uliovimba.

"Wamewanawisheni vizuri huko Moroni," akasema.

"Mama yangu yuko wapi, Sitti?"

"Mama yako tumemzika. Nimemwosha mimi. Siku ishirini na sita tangu mlipoondoka, akaenda."

Nikamwuliza, nani alikuita. Nilitaka awe ametumwa na mtu, nilitaka hata awe ameota ndoto. Akatema mate yake yale.

"Nani aniite? Nilisikia harufu. Nikasema huyu ama amekufa ama yu hai, na yote mawili yanataka maji." Akamgeukia baba yako. "Vitambaa vilipokwisha nikashusha ile bendera dirishani nikaichana. Pamba nzuri. Ndiyo siku ya kwanza kufaa kitu. Sasa niambieni, kitanda gani?"

"Kitanda?" akasema baba yako.

"Kila nikifungua mlango ananiuliza, kitanda kimefika? Asubuhi, jioni. Siku zote zile. Mpaka nikaanza kumdanganya, nasema kiko njiani, kinapita kwa fundi. Kitanda gani alikuwa anangoja?"

Baba yako alinigeukia, taratibu, na lile jicho moja lililoweza kufunguka. Alikuwa ameelewa.

Siku arobaini hakula mkononi mwangu. Alijipikia mwenyewe, wali mbichi, akala amenipa mgongo. Hakunipiga, hakunifukuza, maana angenifukuza kutoka nyumba ya nani? Koko alisema ni yangu. Siku ya arobaini na moja akasogeza sahani karibu na yangu. Hakusema amenisamehe na sijamwuliza. Ghasia zilipopoa tulirudi huku Moroni kukichukua kile kilichobaki, na kukuchukua wewe, kisha tukabaki. Kabla hatujashuka botini alisema jambo moja tu: "Mtoto anamjua mama yangu kwa mdomo wako. Kumrekebishia si kazi yangu." Hiyo ni mwaka sasa. Kila siku nikasema kesho. Nawe ukawa unaikuza ile hadithi, unaipalilia, ikakuitikia, ikawa wito. Padri akaandika barua. Seminari wakajibu. Mimi nikakaa kimya nikikupigia pasi mashati.

Nilipokuwa msichana, Sista alitufundisha kwamba Emanueli maana yake Mungu pamoja nasi, tukaimba Krismasi, tukagawiwa peremende. Nilidhani ni neno zuri la kumwachia mtu anayebaki. Wale vijana wa ukutani walidhani ni neno la kumtishia mtu wa upande wa pili. Hata hapa kanisani, baada ya ghasia, mtu alisimama akasema tazameni, sisi Wakristo hakuna aliyeguswa, kweli Emanueli yu nasi. Nami nimekaa pale, jino la mume wangu limefungwa kwenye leso yangu. Nilitaka kumrushia.

Sasa nadhani jina lile ni la anayeingia. Halimhusu anayetoka. Aliyeitwa hivyo hakusimama mlangoni akatutakia heri. Aliingia chumbani kwetu, na hali ya chumba tunaijua. Tena alikuja mtoto mchanga, Manu. Alijichafua, akalia usiku, Maria akampangusa kwa kitambaa kama nilivyokupangusa wewe, labda naye sabuni ilikuwa imekwisha. Mimi sijasoma, na huko watakuwepo walimu wa kunisahihisha. Lakini ukiniuliza Wakristo tunamaanisha nini tunapomwita Yesu jina hilo, nitakwambia: Mungu hakutuonea kinyaa. Basi. Mengine yote ni nyimbo.

Na usije ukanifariji kwa kusema Mungu alimtuma Sitti azibe pengo langu. Utasikia hamu ya kusema hivyo, najua, ni jambo la kupendeza. Usiseme. Sitti hakuwa kiraka changu. Aliingia mwenyewe, kwa pua yake, na mpaka leo anawataka Wafaransa, na ulimi wake ungali unanikera. Nilimwambia asante akaniuliza, "Ya nini? Alikuwa mamako?" Na ukitaka kujua Mungu alikuwa wapi zile siku za mwanzo, kabla Sitti hajasikia harufu, wakati Koko yuko peke yake na jagi, mimi sijui. Nauliza. Ninachojua ni kwamba nilimtaja yeye ili nisiwepo mimi.

Kazi yako huko itakuwa kuwaambia watu kila siku Bwana awe nanyi. Sitakufundisha namna ya kulisema. Najua tu namna nilivyolisema mimi, na jinsi linavyosikika ukiwa nje ya dirisha.

Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii niitie sandukuni chini ya mashati, uikute ukiwa mbali. Nikaingia chumbani ulipokwenda kuoga. Nikaliinua shati la juu. Nikajiona mikono yangu ilivyokuwa inafanya haraka, nikaichukua nikarudi nayo huku uani kuongeza maneno haya. Nitakupa mkononi. Ni saa tisa sasa, meli ni kesho, una muda wa kunikasirikia nikiwepo.

Usinisamehe upesi. Ninyi watu wa dini mnasamehe haraka ili mpate kuondoka. Ukitaka kupiga kelele piga, majirani wameshasikia mengi. Ukitaka kumwuliza baba yako, mwulize, atakwambia ukweli. Ukisema huendi, nitakwenda mimi kwa Padri kumweleza kwa nini, hutakwenda wewe. Ukisema unakwenda, Jumapili ijayo nitasimama pale uliposimama niwaambie Koko alikuwa mtu gani na aliuliza nini.

Soma ndani, taratibu, maandishi yangu ni mabaya. Ukimaliza toka. Jua litakuwa limefika upande wangu, nami sitahama. Nimepindua ndoo mbili hapa uani. Moja nimeikalia. Ya pili nimeiosha.

Aliyekuzaa,
Veronika